Namna ya Kupima Usumaku wa Vyuma vya Kinu cha Muungano wa Nyuklia kwa Vifaa vya Karakana ya Gerezani, Dar es Salaam

Masika yalikuwa yamekolea nilipoitwa Kigamboni kwenda kutazama kazi yangu mwenyewe. Reli za ngazi nilizozifunga miezi mitano kabla zilikuwa na madoa ya kutu yenye rangi ya chai, yakianzia kwenye viungo nilivyochomelea na kuteremka mpaka sakafuni. Mwenye nyumba hakupaza sauti. Alisema tu, "Fundi, uliniambia hii ni stenlesi ya 304."

Nilimwambia hivyo kwa sababu dukani nilipitisha sumaku juu ya kila bomba na hakuna hata moja lililonasa. Kumbe yale yalikuwa mabomba ya jamii ya 200, ambayo nikeli yake imepunguzwa na nafasi yake kujazwa manganizi. Manganizi huifanya sumaku isinase, kama nikeli inavyofanya. Ila mbele ya hewa ya chumvi ya bahari mabomba hayo hayana ubavu wa 304. Niling'oa reli zote nikafunga nyingine kwa fedha yangu.

Tangu siku ile naiuliza sumaku swali moja tu ambalo najua inaweza kulijibu: atomi za chuma hiki zimejipanga vipi? Kwa swali hilo haijawahi kunidanganya.

Mtoto wa kaka yangu anasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Mlimani. Mwaka jana alikuja karakana na daftari lake, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaniuliza, "Shangazi, hivi vinu vya muungano wa nyuklia vimezungukwa na sumaku kubwa kuliko zote. Mbona wahandisi wanataka kuvijenga kwa chuma kinachonasa sumaku? Si kitavutwa?" Nikamwambia, "Mwanangu, kitavutwa kweli. Twende tukapime kinavutwa kiasi gani." Tuliyoyafanya wiki ile ndiyo haya. Yeyote mwenye meza, jiriwa na subira anaweza kuyarudia.

Kwanza, ujue unatafuta nini

Kinu cha muungano huunganisha viini vya haidrojeni nzito, deteri na triti, kwa joto linalozidi nyuzi milioni 100. Hakuna chombo kinachoweza kuguswa na joto hilo kikabaki, kwa hiyo gesi hiyo, yaani plazma, hushikiliwa ikielea kwa uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika. Katika ITER, mradi wa mataifa unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, uga huo unatoka kwenye koili 18 zenye umbo kama herufi D. Katikati ya plazma, mita 6.2 kutoka kwenye mhimili wa mashine, uga umepangwa kuwa Tesla 5.3 (Tesla ni kipimo cha ukali wa uga). Sumaku kali ya hadidiski ya kompyuta, ile inayokubana kidole mpaka ukapiga kelele, ina kama nusu Tesla usoni mwake.

Vyuma vinavyohusika ni vya koo mbili. Ukoo wa kwanza atomi zake zimejipanga katika mchemraba wenye atomi moja katikati ya tumbo lake. Hao ni feriti na martensiti, na sumaku inawanasa. Ukoo wa pili una atomi katikati ya kila uso wa mchemraba. Huyo ni osteniti, na sumaku haimnasi. Tangi kubwa la ombwe la ITER, yaani lisilo na hewa ndani, linajengwa kwa osteniti, stenlesi ya 316L(N) yenye nikeli asilimia 12 hivi. Lakini kwa vinu vitakavyofuata, vya kuzalisha umeme, kuta za ndani zinakusudiwa kuwa za ukoo wa kwanza. Ulaya wana EUROFER97, chenye kromi karibu asilimia 9, tangsteni kama asilimia 1.1, na vanadi na tantali kwa kiasi kidogo. Japani wana F82H, chenye kromi 8 na tangsteni 2.

Kwa nini wajitafutie kazi ya chuma kinachonasa? Kwa sababu ya nyutroni. Muungano wa deteri na triti hurusha nyutroni zenye nishati ya MeV 14.1 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo), na osteniti ikipigwa nazo kwa miaka mingi huvimba, wakati mchemraba wenye atomi tumboni huvumilia zaidi. Isitoshe, nikeli ikipigwa na nyutroni huzaa kobalti-60, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 5.27. Niobi na molibdeni huacha mionzi ya kudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana zimeondolewa, zikawekwa tangsteni, vanadi na tantali. Ukoo huu wa kwanza pia hupitisha joto karibu mara mbili ya osteniti, na ukipashwa moto hautanuki sana. Faida zote hizo zinakuja na sharti moja: chuma chenyewe kitageuka sumaku.

Sampuli

EUROFER97 huipati Kariakoo wala Vingunguti. Tafuta binamu zake. Mimi nilitumia hawa: msumari wa kawaida na kipande cha nondo kwa niaba ya chuma kitupu, bati la pipa la ndani la mashine mbovu ya kufulia, ambalo mara nyingi ni 430, stenlesi ya feriti, bapa la kisu cha jikoni, ambalo ni martensiti, sinki bovu la jikoni la 304, na kipande cha bamba la 316 kilichobaki kwenye kazi ya tangi la maziwa. Vyote utavikuta kwa wauza vyuma chakavu kama una macho na maneno mazuri.

Kata vipande vyenye urefu na upana sawa, sentimita 4 kwa 2, na unene ukaribiane. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Usikate kwa grenda lililotumika kukatia nondo. Vumbi la chuma hujipachika kwenye stenlesi, kisha unasema osteniti inanasa kumbe kinachonaswa ni vumbi. Kata kwa msumeno wa mkono wenye bapa jipya, taratibu. Halafu osha kwa sabuni, kausha, na pima katikati ya kipande, mbali na kingo, kwa maana kingo zimeumizwa na msumeno.

Mizani

Chukua mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka juu yake kipande cha mbao chenye kimo cha kama sentimita 10. Mimi nilipata kipande cha mninga Keko. Juu ya mbao bandika sumaku ya hadidiski kwa gundi. Mbao hiyo si mapambo: ndani ya mizani kuna vyuma, na sumaku ikikaa karibu navyo mizani itasoma uongo. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri.

Sasa jenga daraja. Tofali mbili, moja kila upande wa mizani, zifike juu kidogo ya sumaku. Laza kigae cha sakafu juu yake, kikae karibu na sumaku bila kuigusa. Nafasi iliyobaki ipime kwa kadi za zamani za plastiki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo nne zinakupa kama milimita 3. Ukishapima, ondoa kadi. Kisha weka sampuli juu ya kigae, palepale juu ya sumaku. Chuma kinaivuta sumaku kwenda juu, na mizani inasoma hasi. Namba hiyo ndiyo nguvu ya mvuto kwa gramu.

Usiguse meza wakati wa kusoma. Zima feni. Kila sampuli ipime mara tano, ukiiondoa na kuirudisha.

Tulipofanya hivyo, 316 haikuitikisa mizani. Sehemu bapa ya sinki mara ilitikisa gramu moja, mara nyingine sifuri. Msumari uliolazwa, 430 na kisu vyote viliivuta sumaku kwa nguvu. Kijana wangu alitegemea msumari na nondo, ambavyo ni chuma karibu kitupu, vishinde kwa mbali. Havikushinda. Bati la 430 lilivuta vizuri kuliko msumari.

Tulikaa na jambo hilo jioni nzima, na nakuomba nawe ukae nalo. Katika uga dhaifu, kama ule wa sumaku ya hadidiski iliyo mbali milimita chache, kinachoamua ni umbo. Bamba pana linakusanya mistari mingi ya uga, msumari mwembamba unakusanya michache. Kusimamisha bamba badala ya kulilaza kunabadilisha namba, ingawa chuma ni kilekile. Ndani ya kinu mambo ni mengine. Uga wa Tesla 5 ni mkubwa mno kiasi kwamba chuma hushiba: kila atomi imeshageuka kufuata uga, hakuna ya kuongeza. Hapo umbo hupungua nguvu na muundo wa chuma ndio unaosema. Chuma kitupu hushiba kwenye Tesla 2.15 hivi. Ukikiongezea kromi asilimia 8 au 9, kiwango hicho kinashuka, kwa sababu kromi haichangii usumaku kama chuma.

Kwa hiyo ukisoma jedwali linalosema upenyezaji wa chuma fulani, yaani chuma huzidisha uga ndani yake mara ngapi, ni mia kadhaa, uliza: katika uga gani? Namba hiyo ni ya uga dhaifu. Chukua chuma kinachoshiba kwenye Tesla 1.8, kirefu na kilicholala sambamba na uga wa Tesla 5. Ndani yake utapata 5 jumlisha 1.8, yaani 6.8. Gawanya kwa 5, upenyezaji wake ni 1.36 tu. Mia kadhaa zimeisha.

Kona ya sinki

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji mizani. Funga sumaku ndogo kwenye uzi wa kushonea, urefu wa mkono mmoja, uining'inize kando ya sinki la 304. Kwenye ubapa wake uzi unaning'inia wima, haujali. Uteremshe polepole kuelekea kona ya chini, pale bamba lilipobonyezwa kwa mashine mpaka likawa bakuli. Uzi unainama. Sumaku inagusa kona kwa mlio mdogo, tik, na kubaki hapo.

Bamba ni moja, nikeli ni ileile, kromi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kona ilivutwa na kukunjwa baridi, na baadhi ya osteniti yake ikageuka martensiti. Kijana wangu alirudia jambo hilo mara sita bila kusema neno.

Kisha tukakata ile kona, tukaipasha kwa mwale wa oksijeni na asetilini mpaka ikawa na rangi ya chungwa inayong'aa, zaidi ya nyuzi 1,000, tukaitumbukiza kwenye maji. Ilipopoa, uzi ukaning'inia wima. Osteniti ilikuwa imerudi.

Kwa mjenzi wa kinu hii si burudani. Koili za ITER hazina ukinzani wa umeme kwa sababu zinapozwa mpaka karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na baridi husaidia mabadiliko hayohayo kutokea kwenye 304. Ndiyo maana kwa kazi ya baridi hiyo huchaguliwa osteniti iliyotulia kama 316LN, ambamo N ni naitrojeni inayosaidia kuishikilia. Kata kipande cha 316, kikunje kwenye jiriwa mara kumi, uone: uzi hautikisiki, au unatikisika kwa shida.

Msumari unaosahau sumaku

Tumia msumari wa inchi 3 usiopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi unaoumiza mapafu. Uning'inize kwa waya wa shaba kutoka kwenye kipande cha pembe kilichofungwa kwenye jiriwa. Upande mmoja, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye msumari, weka sumaku nyeusi ya spika, si ya hadidiski. Ile ya hadidiski ya kawaida huanza kupoteza nguvu joto likivuka nyuzi 80. Ile ya spika inavumilia zaidi, hata hivyo ikinge kwa kipande cha kigae. Msumari utainama kuelekea sumaku.

Vaa miwani ya kazi, washa mwale, pasha msumari kutoka upande wa pili. Unaanza kuwa mwekundu wa giza, bado umeinama. Unafika wekundu wa nyanya mbivu, na ghafla unaachia, unarudi wima kama mtu aliyeitwa jina. Ondoa moto. Hesabu polepole. Rangi inazama, na msumari unainama tena.

Ulipoachia, joto lilikuwa karibu nyuzi 770. Hilo ni joto la Curie la chuma. Juu ya hapo mtikisiko wa atomi unashinda mpangilio wa usumaku. Wanafunzi husoma habari hii halafu wanafikiri kinu cha muungano, kwa kuwa kina moto, hakiwezi kuwa na tatizo la usumaku. Angalia namba. EUROFER97 imekusudiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 350 na 550 hivi, maana ukizidisha joto inalegea, na ukipunguza joto, nyutroni huifanya iwe ya kuvunjika. Kote huko ni chini sana ya joto la Curie. Chuma kitanasa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Hesabu ya mvuto

Sasa tulijibu swali la ndoo ya rangi. Sumaku haikivuti chuma pale uga ulipo sawa kila upande. Inakivuta pale uga unapobadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Katika kinu cha mduara uga hupungua kadiri unavyotoka nje. Chukua 5.3 ugawe kwa 6.2: karibu Tesla 0.85 kwa kila mita.

Usumaku wa chuma kilichoshiba kwenye 1.8: gawanya 1.8 kwa pai mara 4 mara 10⁻⁷, upate kama ampia milioni 1.43 kwa mita. Zidisha kwa 0.85, upate Nyutoni milioni 1.22 kwa kila mita ya ujazo. Mita ya ujazo ya chuma ni kilo 7,800 hivi. Gawanya: Nyutoni 156 kwa kilo. Uzito wa kilo moja ni Nyutoni 9.8.

Kila kilo ya chuma inavutwa kuelekea katikati ya mashine kwa nguvu karibu mara 16 ya uzito wake. Kipande cha tani moja kinavutwa kama tani 16, muda wote koili zikiwa na umeme. Kijana alifuta hesabu akaianza upya, akapata ilelile. Fanya pia ya osteniti yenye upenyezaji wa 1.01: utapata kama Nyutoni 5 kwa kilo, nusu ya uzito wake. Bolti na nguzo zinazoshika ukuta wa kinu zinabuniwa kwa hesabu ya namna hii, ikiongezewa nguvu za mikondo ya umeme plazma inapovunjika ghafla.

Kuna mahali mvuto huu umegeuzwa msaada. Kati ya koili na koili uga hulegea kidogo, ukawa na mawimbi, na chembe zenye kasi hupenya hapo zikapiga ukuta. Ndani ya kuta mbili za tangi la ITER, upande wa nje, wamepanga mabamba ya 430, chuma kilekile cha pipa la mashine yako ya kufulia, ili yakusanye uga na kuyatuliza mawimbi. Japani, mwaka 2005, mashine ya JT-60U iliwekewa vigae vya chuma chenye kromi 8 kwa kusudi hilohilo.

Mwisho, mstari wa kuchomelea

Chomelea vipande viwili vya 304 kwa kijiti cha 308L, acha vipoe, pitisha sumaku ya uzi juu ya mstari. Itainama kidogo. Kijiti hicho kimetengenezwa ili kiache asilimia chache za feriti ndani ya mstari, kwa kuwa feriti hiyo huzuia mstari kupasuka ukiwa bado moto. Kwa reli ya ngazi hilo ni jema tupu. Kwa tangi la kinu, feriti ikizidi inavuruga uga, kwa hiyo wachomeleaji wao wanabanwa pande zote mbili, na feriti hupimwa kwa chombo maalumu.

Wewe pima kwa uzi. Ukiinama juu ya mstari tu na kutulia pembeni, kazi yako iko sawa. Ukiinama pia pembeni, mahali ambapo kijiti hakikufika, rudi ukague: huenda ni vumbi la grenda, huenda ulinyoosha bamba kwa nyundo likiwa baridi. Lisugue kwa brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa nondo, lioshe, kisha pima tena palepale.